Marathon ya Milimani: Mteremko Ndio Unaomaliza Watu

Muulize mtu anayejiandaa na marathon ya njia za vijijini, kule Uru, Kibosho au Old Moshi kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, ni kitu gani kinamtisha. Atakujibu mlima. Ndiyo maana alfajiri utamkuta anapandisha barabara ya Mweka huku anahema, na akifika juu anadandia daladala kurudi mjini awahi kazini. Huyo amefanya nusu ya mazoezi, na nusu aliyoiruka ndiyo ngumu. Kupanda kunachosha pumzi, na pumzi ukiipa dakika tano inarudi. Kushuka kunapiga mapaja, na paja likishapigika halirudi siku hiyo.

Unapopanda, misuli ya mbele ya paja inajikunja ili ikusukume juu. Unaposhuka, misuli hiyo hiyo inafanya kazi huku inavutwa, kwa kuwa ndiyo breki ya mwili mzima. Kila hatua inachana nyuzi zake kidogo kidogo, na ubaya ni kwamba saa hiyo husikii kitu. Unateremka kwa raha, unawapita watu, unajiona leo uko vizuri. Kilomita kumi mbele goti linaanza kulegea kila ukikanyaga, na hata penye tambarare huwezi tena kukimbia. Maumivu yenyewe yanakuja baadaye, makali zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, pale unaposhuka ngazi kinyumenyume huku umeshika ukuta.

Hata Kilimanjaro Marathon, ambayo inakimbiwa Moshi tangu 2003 na iko kwenye lami, inalionyesha jambo hili. Sehemu ya kwanza ya kilomita 42 imelala upande wa barabara ya Dar es Salaam, halafu njia inapanda kuelekea Mweka, kisha inateremka kurudi uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Ukiitazama kwenye ramani unasema mwisho ule ni wa kupumzikia. Lakini ni mteremko unaokuta miguu iliyokwisha kutumika kilomita thelathini na kitu, mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, jua likiwa limeshapanda. Anayetembea pale mara nyingi pumzi anayo. Breki ndiyo hana.

Njia za vijijini ni kali zaidi kwa sababu ya umbile la nchi yenyewe. Weka kiganja mezani, vidole vimeachana: vidole ndiyo migongo ya ardhi wanakoishi watu, na nafasi za katikati ndiyo mabonde ya mito inayoshuka kutoka mlimani, Karanga, Weruweru, Kikafu na mingine. Ukikimbia kufuata mgongo mmoja, unapanda taratibu kwenye barabara pana yenye maduka, bodaboda na maji ya kununua. Ukiamua kukata kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine, kwa mfano Kibosho kwenda Machame, kila bonde unaliingia kwa mteremko wa ghafla na kulitoka kwa mpando wa kushika magoti. Waandaaji wanapenda njia za kukata kwa sababu huko ndiko kwenye maporomoko, migomba iliyofunga na mlima unaochungulia katikati ya miti. Mandhari nzuri na mapaja mabovu vinatoka sehemu moja.

Kwa hiyo kabla hujajisajili usiulize umbali peke yake. Uliza jumla ya mita za kupanda. Wakimbiaji wa milimani wana hesabu yao: kila mita 100 za kupanda ni sawa na kuongeza kilomita moja ya tambarare. Kilomita 42 zenye mita 1,500 za kupanda zinakuwa kazi ya kilomita 57. Mtu anayemaliza marathon ya lami kwa saa 4 anakwenda kilomita moja kwa dakika 5 na sekunde 41. Mzidishie kilomita 57 na unapata kama saa 5 na dakika 25, na hapo hujaweka matope, kusubiriana kwenye kidaraja cha mbao wala kuchoka kwenyewe. Mwambie huyo mtu ajipange kwa saa 6. Maji yake, chakula chake na mafuta yake ya kujipaka vipigiwe hesabu ya saa 6, maana wengi wanabeba vya saa 4 kisha wanashangaa mwili umezimia wapi.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayofanya saa ya mkononi yenye GPS ikudanganye. Mtanzania Alphonce Simbu alishinda marathon ya mashindano ya dunia kule Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2:09:48, kwenye barabara za jiji ambako kilomita moja inafanana na mwenzake na kasi inaweza kupangwa tangu nyumbani. Huku kilomita moja inakula dakika 5 na inayofuata dakika 14, na zote mbili umekwenda vizuri. Acha kuangalia kasi, sikiliza pumzi. Unapopanda uweze kutamka sentensi nzima bila kuikata. Ukiona unatoa maneno mawili mawili, tembea.

Kutembea siyo aibu. Mwinuko ukifika kiasi cha kupanda mita 15 au zaidi kwa kila mita 100 za mbele, kwa wengi wetu kukimbia na kutembea kwa nguvu kunakupa mwendo uleule, tofauti ni kwamba anayekimbia anachoma zaidi. Tembea kwa hatua fupi, mgongo umeinama kidogo kuanzia nyonga, viganja juu ya magoti ukisukuma kila mguu unapokanyaga. Kisigino kiguse chini kila inapowezekana. Anayepanda kwa ncha za vidole kuanzia Uru hadi juu atalipwa na vigimbi vilivyokaza kabla ya saa sita mchana. Kuhusu kupanda nimemaliza.

Kushuka kuna mengi. La kwanza, usijirudishe nyuma. Woga unamfanya mtu akae kama anayetaka kuketi, anatanguliza kisigino, mguu umenyooka. Hapo mambo mawili mabaya yanatokea pamoja: kisigino kinateleza kwa kuwa uzito hauko juu yake, na kishindo kinapanda moja kwa moja hadi gotini na kiunoni. Kiwiliwili kifuate mwelekeo wa mteremko, goti liwe limekunjwa kidogo kila wakati, na mguu ukanyage chini ya mwili wako, usiurushe mbele. Hatua ziwe fupi na nyingi; ukizihesabu zikafika kama 180 kwa dakika, breki inagawanywa vizuri na hakuna hatua moja inayobeba mzigo wote. Mikono iachie ipanuke pembeni ikusaidie kusimama. Macho yatazame mita tatu au nne mbele. Anayetazama vidole vyake anaona jiwe likiwa limeshamgonga.

La pili ni kujua unakanyaga nini. Udongo wa huku ni wa volkano, mwekundu, na ukilowa unageuka sabuni juu ya sakafu ngumu: juu utelezi, chini haunyonyi. Katikati ya njia ndiko kulikopigwa na miguu ya watu na pikipiki hadi kukang'aa, kwa hiyo hamia ukingoni kwenye nyasi, hata kama unatia mguu kwenye umande. Jani au ganda la mgomba lililolowa usilikanyage kabisa, liruke. Ndani ya shamba la kahawa angalia vishina vilivyobaki baada ya kupogoa, vimekatwa mshazari na vimefunikwa na majani makavu; hivyo vinatoboa raba. Kwenye mfongo, ule mfereji wa kienyeji wa kumwagilia, usiruke kwa mbwembwe. Kingo zake zinaliwa na maji kwa chini na ukizikanyaga zinabomoka. Pita pale wenyeji waliweka jiwe au ubao.

Chukua mteremko mmoja wa bonde uone jinsi unavyogawanyika. Juu kabisa, unapoachana na barabara, njia bado pana na kavu: hapo kimbia, lakini usifungulie. Ikianza kuingia kwenye migomba kivuli kinaongezeka na udongo unalowa, fupisha hatua mara moja, kabla hujateleza. Katikati njia inakata kona kali ambazo maji ya mvua yamezichimba mfereji katikati. Weka mguu mmoja kila upande wa mfereji au baki upande wa juu, usikimbie ndani yake, kwani chini kuna kokoto zinazobingirika. Karibu na mto mawe yana ukungu wa kijani. Hapo tembea, tena kwa unyayo mzima. Ukivuka, utataka kupanda kwa kasi kwa sababu mguu umepoa majini. Subiri. Tembea dakika mbili za kwanza, kula kitu, ndipo uanze.

Sasa mazoezi. Ile desturi ya kukimbia kwenda Mweka na kurudi kwa daladala, igeuze mara moja kwa wiki: panda daladala ya Mweka, Kibosho au Uru, kisha uteremke kwa miguu. Anza na kilomita 4 za kushuka polepole, ongeza kidogo kidogo hadi 10 au 12, na ufuate vumbi la pembeni kuliko lami. Wa Arusha wanaweza kutumia kilima cha Suye, au barabara za msitu wa Olmotonyi upande wa Ngaramtoni ambako ardhi ni laini. Mwili una tabia nzuri hapa: misuli ikishapigwa na mteremko mara moja na kupona, safari inayofuata inaumia kidogo, na kinga hiyo inakaa wiki kadhaa. Kwa hiyo zoezi kubwa la mwisho la kushuka liwe wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe. Ukilifanya wiki ya mwisho unaingia mashindanoni na mapaja yaliyovimba.

Siku usizokimbia tumia ngazi ya nyumbani. Simama juu ya kidato kwa mguu mmoja, shusha mguu wa pili polepole ukihesabu hadi nne mpaka kisigino kiguse chini, rudi juu. Mara kumi kila mguu, raundi tatu, mara mbili kwa wiki. Ukiona goti linaingia ndani unaposhuka, punguza urefu wa kidato badala ya kulazimisha. Ni zoezi la kuchosha akili, lakini linajenga breki. Mbio ndefu ya wikiendi ipimwe kwa saa: ikifika saa 4 ya kupanda na kushuka inatosha, hata kama umepata kilomita 28 tu.

Viatu. Wengi wetu tunanunua Kiboriloni kwenye mitumba, na hakuna ubaya ukijua kuchagua. Geuza kiatu uangalie soli: unataka meno ya milimita 4 hadi 6, yaliyoachana, kwa sababu meno yaliyobanana yanajaa udongo na kuwa bapa. Halafu usidanganywe na soli. Sponji iliyo juu yake huzeeka hata kama kiatu hakijavaliwa sana. Ibonyeze kwa kidole gumba pembeni: ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi ya kudumu, acha. Kisha weka kiatu mezani ukitazame kwa nyuma; kikilalia upande mmoja, mwenyewe wa kwanza ameshakipinda kwa mwendo wake na kitakupinda na wewe. Ingiza mkono ndani ya kisigino, kitambaa kikiwa kimechanika kitakuchuna. Jaribu mchana au jioni miguu ikiwa imetanuka, ukiwa umevaa soksi utakazokimbilia, na nafasi ya upana wa kidole gumba ibaki mbele ya kidole kirefu.

Nafasi hiyo peke yake haikomboi kucha. Kwenye mteremko mguu unateleza mbele ndani ya kiatu na vidole vinagonga ukuta mara elfu kwa elfu, ndipo kucha zinageuka nyeusi na kung'oka wiki chache baadaye. Dawa ni kufunga kisigino. Tazama matundu ya kamba, juu kabisa kuna tundu moja la ziada ambalo watu wengi hawalitumii. Pitisha kamba kwenye tundu hilo upande uleule ili itengeneze kitanzi kidogo, fanya hivyo na upande wa pili, kisha kila kamba ipite ndani ya kitanzi cha mwenzake, vuta chini, funga. Kisigino hakitapanda tena. Kucha zikate siku tatu au nne kabla, siyo usiku wa kuamkia mbio. Mafuta ya mgando paka katikati ya mapaja, kwapani, chuchu kwa wanaume, na katikati ya vidole vya miguu.

Chakula cha njiani kinahitaji hesabu kidogo. Mwili unaomba kati ya gramu 30 na 60 za wanga kwa saa. Kwa saa 6, ukichukua gramu 45, ni kama gramu 270. Ndizi mbivu moja ya kawaida ina kama gramu 27, kwa hiyo ndizi nne zinakupa 108. Lita mbili za maji zenye gramu 60 za sukari kila lita zinakupa 120. Kinachobaki ni kashata kadhaa au tende za mfukoni. Gramu 60 ni vijiko 5 vya chakula vilivyosawazishwa. Ongeza robo kijiko cha chai cha chumvi na limau kidogo kuua utamu. Anza kula dakika ya 30 au 40, wakati bado huna njaa, na ule unapopanda kwa kutembea. Tumbo halipendi kupokea chakula huku linatikiswa mteremkoni.

Pakiti ya ORS ni nzuri, lakini ieleweke ni ya nini. Imetengenezwa kurudisha maji na chumvi mwilini, na sukari yake kwa lita ni kama gramu 13.5 tu. Anayekunywa ORS peke yake akidhani amekula atazima mapema. Na maji matupu kupita kiasi nayo ni hatari kuliko wengi wanavyodhani: yanapunguza chumvi ya damu hadi mtu anaumwa kichwa, anatapika, vidole vinavimba pete inabana, anachanganyikiwa. Ukimwona mwenzako hivyo usimwongezee maji, tafuta watu wa huduma ya kwanza. Kunywa kwa kiu. Kwa hali ya hewa ya Moshi ni kama nusu lita kwa saa, na zaidi kidogo jua likichoma. Ukumbuke pia kwamba kila mita 100 ukipanda joto linapungua kama nusu nyuzi na kidogo, kwa hiyo uliyetoka jasho jingi mjini unaweza kukuta ukungu wa baridi huko juu. Anayetoka Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari, kuja Moshi iliyo chini ya 1,000, atafurahia hewa nzito na atateswa na joto.

Usiku wa kuamkia kula wali au ndizi na nyama kidogo. Kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, ni chakula cha heshima, ila maharage yake yaache hadi jioni ya siku ya mbio. Asubuhi, ukiwa umebakiwa na muda wa saa tatu kabla ya kuanza, uji wa ulezi na mkate vinatosha.

Na vidonge. Kuna tabia ya kupitia duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni na kumeza kabla ya kuanza, ati miguu isiume. Acha kabisa. Dawa hizo zikikutana na mwili uliopungukiwa maji na misuli inayovunjika zinaweza kuumiza figo. Tena zinafunika maumivu ambayo ndiyo kipimo chako cha breki imebaki kiasi gani.

Njia unazopita ni vihamba vya watu, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba zao. Kwenye mazoezi, ambako hakuna alama za waandaaji, usikate uzio wa masale kutafuta njia fupi, na ukikuta mzee mlangoni punguza mwendo utoe shikamoo, ndipo uulize njia. Jibu la “ni hapo tu juu” lipokee kwa shukrani na uongeze nusu saa kwenye mahesabu. Mbwa akitoka, simama utembee, ukikimbia anafukuza. Ukifika mpaka wa msitu wa hifadhi geuza, maana kuanzia hapo ni ardhi ya hifadhi ya taifa inayohitaji kibali, na upande wa Meru kuna nyati.

Baada ya kumaliza usikae chini ghafla, tembea dakika kumi, kula kitu chenye wanga na protini, mtori hapa unafaa kuliko wakati mwingine wowote. Wiki nzima usikimbie. Kutembea na baiskeli ya taratibu vinatosha. Kuumwa mapaja ni kawaida, ila mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa nyeusi, au paja limevimba na maumivu yanazidi badala ya kupungua, usisubiri: nenda hospitali, KCMC ikiwa uko Moshi, Mount Meru ikiwa Arusha, na uwaambie umekimbia kwa muda gani na umemeza nini. Malengelenge yasiyouma yaache na ngozi yake. Raba zioshe siku hiyohiyo kwa maji ya baridi na brashi kabla udongo haujakauka, toa kamba na soli ya ndani, jaza magazeti, anika kivulini. Ukiziweka juani au karibu na jiko gundi inaachia, na safari ijayo soli itabaki kwenye matope ya Weruweru.